Kanzu ya Hajji na Oili ya Kikumi

Kikumi changu, yaani gari langu, kilikuwa kinavuja oili kiasi kwamba mke wangu hakuhitaji kunipigia simu kuuliza niko wapi. Alifuata matone tu. Siku niliyomwambia nina kikao cha wazazi shuleni, matone yalimpeleka moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha mchomo, nyama choma, pale barabara ya Gulu, akavuta kiti, akaagiza na yeye, nusu kilo, bili kwangu.

Ni Toyota Corolla AE100, zile za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 1990, injini ya 5A-FE. Gari la kazi. Ila mpira una umri wake, na kila sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, ndani ya gari hilo ilikuwa imeshakula chumvi nyingi.

Hapa Bombo, Uganda, fundi wetu ni Afande mstaafu, ametengeneza malori ya jeshi mpaka akapewa kiinua mgongo. Yeye hatengenezi gari, analiamrisha. Alijitupa chini ya uvungu, akakaa huko kwa muda, akatoka na hukumu: "Sili ya nyuma ya krenki imekufa. Giaboksi, shuka chini!"

Sili yenyewe, ya krenki, mhimili mkuu wa injini, ni duara la mpira linaloenea kiganjani, na bei yake haimtoi mtu jasho. Shida ni mahali ilipojificha, nyuma kabisa ya injini. Hulifikii mpaka uteremshe giaboksi, ufungue klachi, utoe na flaiwili. Unalipia safari, si kitu. Nikaenda soko la vipuri la Kisekka, Kampala, nikakuta muuzaji anazo za aina tatu: ya Japani, ya "Japani kabisa", na ya bei yangu. Nikanunua ya Japani kabisa.

Ikafungwa. Uwanja ukakauka, mke wangu akaanza kunipigia simu kama wake wengine. Halafu oili ikatokea juu, kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini. Afande akafungua. Gasketi ya zamani ilivunjika mkononi mwake kama biskuti, na plagi ya tatu tuliikuta imeoga oili shimoni mwake, ndiyo maana gari lilikuwa linakohoa asubuhi. Tukaweka gasketi mpya na mipira ya kuzunguka mashimo ya plagi. Kazi hiyo silikoni hutiwa kidogo tu, pale kwenye kona. Msaidizi wa Afande akaminya tyubu nzima. Ile inayozidi humeguka, ikadondokea ndani na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Kijana akarushwa kichurachura kuzunguka gereji mara mbili, kisha akafuta yote na kupaka upya.

Wiki haikwisha, sili ya kamshafti, mhimili wa juu unaofungua vali, nayo ikaanza kulia machozi, na taimingi belti ikalowa. Afande akaacha kuiita oili. Akawa anaiita adui. "Tumemfunga nyuma, ametokea juu. Tumemfunga juu, ametokea mbele. Huyu kuna mtu anamtuma."

Alikuwa karibu kabisa na ukweli, lakini aliyeufikia ni baba mkwe wangu, Hajji.

Ilikuwa Ijumaa. Hajji alikuwa anasubiri nimpeleke msikitini: kanzu nyeupe ya pasi, koti, kofia ya mkono. Gari linaunguruma, boneti wazi, Afande ameinama anatafuta kitambaa. Hajji aliwahi kuendesha basi enzi zake, na mtu aliyewahi kuendesha basi haoni boneti iliyo wazi akapita. Akasogea. Akatazama dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ilivyokuwa inajiinua yenyewe kidogo kidogo kutoka kwenye bomba lake.

"Mwanangu, hii injini inapumua vibaya."

"Hajji, tafadhali rudi nyuma kidogo, kanzu itachafuka."

Mkono tayari ulikuwa kwenye kifuniko cha kutilia oili. Chini ya kifuniko hicho kamshafti inazunguka ikirusha oili, ndiyo maana hakifunguliwi gari likiwa linawaka. Afande alipopiga kelele "Simama hapo!", msaidizi aliyekuwa kwenye usukani alidhani anaambiwa yeye. Kwa kuruka akakanyaga. Si breki.

Oili ilianzia kwenye ndevu ikaishia magotini.

Gereji nzima ikanyamaza. Watu wa boda boda ng'ambo ya barabara wakazima pikipiki zao ili waone vizuri. Hajji akajifuta jicho moja.

"Si nimesema inapumua vibaya?"

Afande hakucheka, ingawa mabega yalimsaliti. Akazima gari, akachomoa kivali kidogo kilichochomekwa juu ya tapeti kava, chenye mpira unaokwenda kwenye manifoldi, njia ya kuingizia hewa. Akakitikisa sikioni. Kizima hulia chaka-chaka. Hiki kilikuwa bubu, kimegandia kwa masizi ya oili nzee. Katika kila injini kuna moshi kidogo unaopenya kwenye ringi za pistoni na kushukia kwenye krenki, na kivali hicho kazi yake ni kuuvuta urudi ukaungue. Kikiziba, moshi unasukuma, na oili inapitia mdomo wowote uliolegea. Sisi tulikuwa tunaimarisha midomo, mmoja baada ya mwingine, na kuhamishia mateso kwa unaofuata.

Kivali kipya kilikuwa rahisi kuliko ile nusu kilo ya mchomo. Afande akakifunga, akabadilisha na sili ya kamshafti pamoja na belti, na matone yakakoma.

Swala ya Ijumaa Hajji aliiwahi, ndani ya kanzu aliyoazimwa na Afande. Afande ni mfupi. Baba mkwe wangu si mfupi.

Ile yake imefuliwa kwa kila kitu, doa limegoma, na naona Hajji mwenyewe hataki litoke. Ameifanya kanzu ya kazi. Mji mzima umeshasikia jinsi alivyogundua peke yake ugonjwa uliomshinda fundi wa jeshi. Sasa wenye magari wakimwona anakuja, wanashusha boneti haraka. Jumamosi nimemkuta kwa jirani mwenye gari la Ipsum, kanzu ni ile ile, mkono juu ya kifuniko, anauliza, "Inawaka hii?"