Stika ya poti si hongo

Wazazi wengi wa Nairobi wakisikia kwamba mtoto wa miaka miwili anayezoeshwa kuacha nepi anapewa stika kila akikaa kwenye poti, jibu lao ni moja: unamhonga. Ni kitu kidogo kilekile tunachokilalamikia barabarani, wanasema, ila sasa kimeingia sebuleni. Neno hilo limewafanya watu waikatae njia nzuri kabla ya kuielewa. Mla hongo anaujua wajibu wake na anaulipisha. Mtoto wa miezi 26 hana wajibu anaoujua. Anachojua ni kwamba nepi ina joto na haimkatizi mchezo, na poti ni bakuli baridi la plastiki linalomkatiza.

Wanaopinga wana hoja, na si za kubeza. Wanasema mtoto ataacha siku malipo yatakapokoma, kwamba bei itapanda kutoka stika hadi gari la kuchezea, na kwamba peremende tano kwa siku zitamwozesha meno. Waliosoma zaidi huleta utafiti wa Mark Lepper na wenzake, uliochapishwa 1973. Watoto wa chekechea waliopenda kuchora waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe mwekundu. Wiki moja au mbili baadaye, vyeti vikiwa vimekwisha, watoto hao walitumia chini ya asilimia 9 ya muda wao wa kucheza wakichora. Ambao hawakuahidiwa wala kupewa chochote walitumia karibu asilimia 17. Hamu ilikuwa imepungua kwa nusu.

Takwimu hiyo hutajwa sana, na karibu kila mara huachwa nusu. Kwanza, watoto wale walichaguliwa kwa sababu walishapenda kuchora. Malipo yalivuruga raha iliyokuwepo. Poti ina raha gani ya kuvurugwa? Pili, kulikuwa na kundi la tatu, lililopewa cheti kilekile bila kuahidiwa. Hilo lilichora kwa asilimia 18, yaani halikupoteza kitu. Kilichopunguza hamu kilikuwa yale mapatano ya awali, ukifanya hivi nitakupa hiki. Kwa hiyo usimtangazie mtoto bei. Akae kwanza, kisha stika itoke mfukoni na maneno mafupi, "Umekaa kwa poti, vizuri!" Ni kweli kwamba baada ya siku mbili atakuwa ameshajua stika ipo. Lakini kujua ipo si sawa na kupigishwa bei kila akitaka kukojoa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Utafiti uliochapishwa 1977 kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya ulieleza jinsi mama anavyoanza mtoto akiwa na wiki mbili au tatu tu. Hukaa chini, miguu ameinyoosha, mtoto yuko katikati, kisha hutoa sauti ya "shuu". Mkojo ukitoka pamoja na sauti, mtoto hupewa ziwa au hukumbatiwa, papo hapo. Kufikia miezi minne hadi sita anakojoa kwa ishara hiyo. Mama anayetoka mtaa wa Pipeline, Nairobi, saa kumi na mbili asubuhi akimwacha mtoto na dada wa kazi hawezi kuifuata njia hiyo yote, lakini mpangilio ni uleule: kitendo kwanza, jambo zuri mara moja baadaye.

Hiyo "mara moja" ndiyo inayokosewa zaidi. Mtoto wa miaka miwili huunganisha mambo yanayofuatana kwa sekunde. Kumwambia Jumatatu kwamba akikusanya nyota saba ataenda kubembea bustanini Jumapili ni kuzungumza lugha ya mtoto wa miaka mitano. Stika, au kipande cha biskuti kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kipewe akiwa bado yuko karibu na poti. Karanga zisitumike, maana mtoto wa umri huo hupaliwa nazo kwa urahisi. Na kilichokwisha kupewa kisichukuliwe tena kwa sababu amejikojolea baadaye. Hapo zawadi imegeuka adhabu, na mtoto anajifunza kuificha chupi.

Kosa la pili ni kulipia mkojo badala ya kulipia kukaa. Mtoto si mjinga. Akilipwa kwa kila tone, atakojoa matone matatu, apokee, ainuke, arudi baada ya dakika tano na matone mengine. Lipia kukaa dakika tatu hadi tano, nyayo zikigusa sakafu, nusu saa hivi baada ya kula, wakati tumbo lenyewe linasukuma. Akishazoea, lipia kusema "susu" kabla haijatoka. Akishasema mwenyewe kwa siku kadhaa, toa mara moja kwa mbili, kisha mara chache, kisha maneno matupu. Wiki mbili tatu hutosha, na wanaosema malipo hayaishi mara nyingi hawakuwahi kuyapunguza. Ila dada, mama na shosho, yaani nyanya wa mtoto, wakubaliane kwanza. Shosho akitoa peremende kila saa, ratiba yote imekwisha.

Mahali ambapo wapinzani wana haki kabisa ni haja kubwa. Mtoto aliyewahi kutoa choo kigumu anakumbuka maumivu. Ukimwekea zawadi kwa "pupu" tu, anataka zawadi na anaogopa maumivu kwa wakati mmoja, na woga hushinda. Hukaza makalio, husimama kwa vidole vya miguu, hujificha nyuma ya kochi. Choo kinachozuiliwa hunyonywa maji na utumbo kikazidi kuwa kigumu, na utumbo wa mwisho hupanuka hadi hausikii vizuri kwamba umejaa. Kisha choo chepesi hupenya pembeni na kuchafua chupi, na mzazi anadhani ni kuhara au ukaidi. Biskuti zaidi hazitasaidia hapo. Simamisha mafunzo, mrudishie nepi bila maneno, punguza maziwa kama anakunywa vikombe vingi kwa siku, ongeza maji, papai na maharagwe. Choo chenye damu, au maumivu yasiyoisha, ni cha kupeleka kliniki.

Kinachowaponza wengi ni haraka ya Januari. Shule inataka mtoto asiye na nepi, basi Desemba nzima ni peremende na vitisho. Asiyeweza kukaa mkavu saa mbili wala kushusha suruali mwenyewe hatanunuliwa uwezo huo kwa stika.

Na usiku usihesabiwe. Aliyelala hachagui, kibofu na homoni inayopunguza mkojo usiku hukomaa kwa wakati wake, na wengi hulowesha kitanda hata wakiwa na miaka minne au mitano. Karatasi ya nyota iliyobandikwa ukutani iwe ya mchana tu, na nailoni ibaki chini ya shuka.