Barua iliyorudi haijamfikia mtu

Ofisa mmoja, akitetea kupiga mnada nyumba inayodaiwa kodi, anasema mwenye nyumba alitumiwa barua, basi yameisha. Hapana! Barua ikirudi haijafunguliwa, serikali inajua fika kwamba mhusika hana habari. Arkansas, Marekani, walifanya hivyohivyo: barua ya rejista ikarudi, wakaweka tangazo gazetini, wakauza nyumba kufidia kodi. Mwenyewe alikuwa amelipia mkopo wa nyumba ile miaka 30! Mwaka 2006, katika kesi ya Jones dhidi ya Flowers, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema jimbo lilipaswa kujaribu njia nyingine, hata kubandika karatasi mlangoni. Hilo linagharimu nini? Anayedaiwa kodi alipe, sipingi, lakini aambiwe na asikilizwe kabla ya mnada.