Acheni Kudharau Bendi za Kopi

“Hao wanapiga kopi tu.” Kauli hiyo, ya kuibeza bendi inayopiga nyimbo za wengine, utaisikia kwenye kumbi nyingi za Dar es Salaam, na anayeisema lazima abinue mdomo kidogo. Mimi sikubaliani naye. Kopi iliyopigwa vizuri ni kazi ngumu. Chukua “Sina Makosa” ya Les Wanyika, ambayo bendi za baa hazichoki kuipiga. Maneno yake mwimbaji anaweza kuyakariri jioni moja. Shughuli iko kwenye gitaa la rithim: likizembea kidogo tu, wimbo wote unalegea, na wazee waliokuwa wakiserebuka wanarudi zao vitini bila kusema neno. Nyimbo za Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, ndiyo balaa zaidi. Zile zinataka solo, solo la pili, rithim, besi, tumba, halafu safu ya saksafoni na tarumbeta. Mwenye gitaa moja na kinanda ataambulia mifupa tu.

Kwa hiyo sina ugomvi na kopi. Ugomvi wangu ni na bendi isiyotunga, hata iwe na jina kubwa kiasi gani. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz. Mwimbaji wake TX Moshi William alifariki 2006, mwenzake Muhidin Maalim Gurumo akafuata 2014. Kijana anayesimama leo kuimba sehemu zao, je, anapiga kopi? Shabiki wa Msondo atakujia juu: nyimbo ni za bendi, na bendi ipo. Sawa, lakini jina pekee halinitoshi. Bendi yoyote ikiacha kutunga, inabaki kupiga kopi za marehemu wake.

Tusiwasingizie vijana wa leo kwamba hawana vipaji. Wakongwe walikuwa na mshahara. NUTA ilikuwa jumuiya ya wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza 1978, baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la jiji. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, mazoezi yalikuwa sehemu ya kazi, na wimbo mpya uliweza kupigwa ukumbini hadi ukakomaa ndipo ukapelekwa kurekodiwa Radio Tanzania. Redio ikiurusha, Jumamosi watu wanakuja wakiujua. Mwanamuziki wa baa analipwa kwa usiku. Mazoezi ya mchana anajigharimia mwenyewe, nauli ya daladala ikiwemo. Atunge saa ngapi?

Hata hivyo Mombasa walithubutu. Them Mushrooms walikuwa wakipiga mahotelini, mbele ya watalii, mahali ambapo ungedhani hakuna anayehitaji wimbo mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakatoa “Jambo Bwana”, utunzi wa Teddy Kalanda Harrison. Baadaye kundi la Ulaya, Boney M., nalo likaurekodi, na sasa ndio wimbo ambao bendi za hoteli pwani nzima zinaupiga kopi.

Viongozi wa bendi, nina ombi moja: acheni kutangaza “sasa tunawaletea kibao chetu kipya.” Hapo ndipo watu wanapokwenda kuagiza mishkaki. Kichomekeni katikati ya nyimbo mbili zinazojulikana, watu wakiwa wamejaa uwanjani, bila hotuba, na wiki ijayo mkirudie palepale. Mwenye baa hatashtuka. Saa hizo yuko kaunta anahesabu kreti.