Mwenye Duka Hakosei Risiti

Jumanne kikaoni, kijana wa uhasibu alisimama kueleza matumizi ya mwezi. Akatema ung'eng'e wake vizuri tu mpaka alipofika kwenye receipt. Akasema "risipti". Meza nzima ikaangua kicheko, bosi akamwigiza: "Ri-sip-ti!" Kijana akamalizia taarifa kwa sauti ya kusoma tanzia.

Mimi sikucheka. Si kwa wema. Niliwahi kusema "wedinesidei" mbele ya wageni, na masikio bado yanawaka.

Kosa lake ni lipi hasa? Amesoma kilichoandikwa. Kiswahili kimemlea hivyo: herufi ikiwepo, inatamkwa. Kumbe ile p isiyotamkwa walioibandika ni wasomi, ili neno lifanane na Kilatini, kama walivyoipachika b kwenye debt, neno lililotoka Kifaransa bila b yoyote. Pambo! Halafu anayechekwa ni mtoto wetu.

Kinachoniuma zaidi, neno lenyewe tunalo. Risiti! Mwenye duka asiyejua hata sentensi moja ya Kiingereza anakuuliza, "Unataka risiti?" na p haimo, maana neno lilimfikia kwa sikio, si kwa daftari. Seremala naye anakuchongea kabati. Msomi ndiye anayekuja na "kapubodi" kwa sababu ameiona p kwenye cupboard. Na kanali wa jeshi? Itazame colonel ilivyoandikwa, kisha msikilize Mwingereza akiitamka "kaneli", uniambie nani yuko karibu naye: anayesema kanali au anayesoma "koloneli".

Najua kuna atakayenitajia biskuti, kwamba u yake Waingereza hawaitamki. Haya, biskuti mmenishinda.

Kwa hiyo neno jipya lisikie kwanza, ndipo ulisome. Kamusi za kwenye simu zina alama ya spika. Ibonyeze, haili bando kubwa. Na sikiliza mkazo umekaa wapi. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana comfortable inatutoka "komfoTEbo". Wenyewe wanakaza mwanzo na kumeza katikati: "KAMftabo". Lafudhi ya puani sijakuomba.

Mchana wa Jumanne hiyohiyo, kantini, bosi akamwagiza mhudumu wali, samaki na "vejiTEbo". Nikamtupia jicho kijana wa uhasibu. Alikuwa anamenya ndizi yake, taratibu.