Chupa tupu ni hela, mbona nyumbani tumeisahau hii?

Supamaketi nyingi huku Ujerumani zina mashine ya chupa tupu, unaingiza moja moja inazisoma, ukimaliza unabonyeza kitufe inatoa risiti, unaenda nayo kaunta inapunguzwa kwenye bili yako. Hela hiyo uliiweka mwenyewe uliponunua kinywaji, ukirudisha chupa unarudishiwa. Chupa ya maji ya plastiki ya kutumia mara moja au kopo la bia ni senti 25 za euro, chupa ya kioo ya bia inayorudi kiwandani nyingi ni senti 8. Wiki hii mkate na maziwa nimevichukua kwa chupa tupu tu, sijatoa hata senti mfukoni.

Mi kila nikitoka pale nafurahi afu hapo hapo hasira inanipanda, maana hii kitu nyumbani Tanzania tunayo toka sijazaliwa. Nani hapa hajawahi kutumwa soda dukani na chupa tupu mkononi, akaambiwa angalia usiivunje? Mangi wa duka hakupi soda uondoke nayo mpaka uache chupa au uache hela, na kreti la shughuli likipungua chupa moja mwenye harusi analipa. Ndo maana chupa ya kioo huikuti mtaroni. Mtaroni mnajua kuna nini, na masika yakianza mnajua maji yanaenda wapi, sina haja ya kueleza.

Sasa kuna mtu ameshaanza kuandika "huyu kapanda ndege majuzi anataka kutufundisha usafi". Ndugu yangu, sifundishi mtu usafi, mama yangu anafagia uwanja kabla jogoo hajawika, nitamfundisha nini? Ninachosema ni kwamba wenzetu waliona plastiki inakuja wakajipanga. Sheria yao ya 1991 ilisema vinywaji vya kwenye chupa za kurudishwa vikishuka chini ya asilimia 72, basi chupa na makopo ya kutupa nayo yatawekewa hela. Vikashuka kweli, 2003 wakaweka, 2022 wakaongeza karibu kila chupa ya plastiki ya kinywaji, 2024 hadi za maziwa. Sisi plastiki ilipokuja tukaona ni maendeleo, tukaiacha soda ya kioo tukasema teki awei ndo ya kisasa.

Na msidhani nawasifia tu hawa watu. Tanzania Bara tumepiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, wao mifuko ya kaunta wameikataza 2022, na vile vilaini vya kuwekea matunda vipo mpaka leo nilivyokaa hapa! Mwaka 2014 huko Kiel wakafungua duka la kununua bila vifungashio, unaenda na chombo chako unapimiwa mchele, unapimiwa mafuta, ikawa habari kubwa. Jamani, mafuta ya kupima! Bibi zetu wamefanya hivyo miaka yote na chupa yao yenye kizibo cha gunzi. Nilivyosoma ile habari nilijisikia fahari, afu nikakumbuka siku hizi Mangi mafuta anayafunga kwenye kifuko cha nailoni, ukifika nyumbani unakata kona unamimina, kifuko uwanjani. Chupa ipo ndani, tunaona tabu kuibeba.

Najua mtu ananunua kidogo kwa sababu hela ndo hiyo, hilo sibishani nalo. Ila nyumba tatu mnaoelewana mkichanga dumu la lita 20 mkagawana, lita inashuka bei, dumu linabaki la maji. Hiyo haihitaji Ulaya.

Na chakula. Mtaniambia sisi hatutupi chakula, wanaotupa ni wazungu. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Nairobi hapo hapo jirani, ripoti yake ya 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula na asilimia 60 ilitoka majumbani, na tofauti ya kaya za nchi tajiri na za kipato cha kati cha chini ni kama kilo 7 tu kwa mtu kwa mwaka. Bongo tupo kwenye hilo kundi la pili. Sishangai, maana kiporo siku hizi kimekuwa aibu, watu wanapika sufuria la wali la watu kumi wakati wapo wanne, asubuhi ni mkate na chapati za kununua halafu wali unaenda jalalani. Huo wali ungefunikwa ukaingia friji mapema, usilale mezani na joto la Dar, asubuhi ukapashwa mpaka utoe mvuke, hela ya kifungua kinywa imebaki.

Maganda nayo, yakitengwa tu yakaenda kwa mbuzi wa jirani au kwenye shimo la mbolea, kiroba kinabaki kikavu na chepesi, hakina nzi. Tatizo mitaa mingi hela ya taka ni ile ile utoe kiroba kimoja au vitano, huku Ujerumani miji mingi pipa dogo la taka zinazobaki baada ya kutenga unalipia kidogo, kubwa unalipia zaidi, kwa hiyo mtu anatenga kwa sababu anaona hela yake.

Mtaniambia "huku kwetu watu wataiba hizo chupa." Wazichukue! Hapa wapo wanaopita wanaokota, na watu wanawaachia chupa pembeni ya pipa makusudi wasichakure. Waokota makopo wetu wanatembea juani kutwa wanapimiwa kwa kilo hela ya dhihaka, hebu kila chupa ya maji ingekuwa na bei yake uone kama ingefika dampo la Pugu Kinyamwezi. Na mnaosema hatuna mashine, kreti la soda lina mashine gani? Ni Mangi na daftari lake. Mnaouliza hela ya chupa ya maji ataisimamia nani, hivi viwanda vinavyodai kreti lao la soda likipotea vinashindwa nini kuidai na hii ya plastiki?