Nilipita mlango wa jimu mara tatu

Jioni ya kwanza nilifika hadi kizingitini, nikasikia vyuma vinagongana ndani, nikapitiliza kana kwamba naelekea dukani. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu niliingia kibanda cha jirani, nikanunua maji bila kiu, nikarudi nyumbani. Begi lenye raba na taulo nilikuwa nalo begani siku zote tatu.

Daktari alikuwa ameshaniambia. Presha imepanda, umri umefika miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa kutwa nzima. Ndiyo maana inaniuma nikisikia watu wakisema anayeogopa jimu ni mvivu, hajaamua. Mimi nilikuwa nimeamua. Nilichokiogopa ni macho.

Kwetu Dar mwili wa mtu ni mali ya mtaa. Ukinenepa unapongezwa kwamba shemeji anakutunza. Ukipungua unaulizwa kama unaumwa. Mama wa watoto akionekana na suruali ya mazoezi, hakosekani wa kuuliza anamtafuta nani. Sasa jitie kwenye chumba cha vijana wa miraba minne, na vioo ukuta mzima! Miaka ya nyuma niliwahi kujaribu mahali pengine. Kocha alinitazama juu hadi chini, neno lake la kwanza likawa, "Mama, wewe tuanze na tumbo." Mbele ya watu. Sikurudi, na ada ya mwezi niliiacha huko huko.

Kuna jaribio la Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake, lililochapishwa mwaka 2000. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki ambayo ingemtia aibu, akaingizwa chumba chenye wenzake, kisha akaulizwa ni wangapi wameitambua picha ile. Waliovaa walikisia karibu nusu. Walioitambua kweli hawakufika robo. Nililisoma hilo, likanituliza, lakini mguu wangu uliendelea kukwama pale pale.

Aliyenivusha ni mama mmoja aliyejifunga kanga juu ya traksuti. Jioni ya nne alinikuta nimesimama nje.

"Karibu, mdogo wangu. Mgeni?"

"Ndiyo, dada."

Akanishika mkono tukaingia. Hakuniuliza kilo zangu. Alinionyesha pa kuweka begi, choo kilipo, na kitambaa cha kufutia benchi ukimaliza. Kisha akanipeleka kwenye mashine ya kuvuta. Kumbe kuna pini unayoichomeka kwenye tundu la uzito unaoutaka, vyuma vya chini yake vinabaki vimelala. Mimi miaka yote nilidhani vinavutwa vyote. "Weka hapa juu, kilo tano. Ukivuta toa pumzi." Nikavuta mara kumi, viganja vikanuka chuma. Nilipoinua macho kutazama nani ananitazama, kijana mmoja alikuwa anahesabu seti yake kwa sauti, mwingine anafunga bandeji kifundoni.

Pale nikaitambua hofu yangu. Ni ya mgeni nyumbani kwa watu, asiyejua viatu vinavuliwa wapi wala kiti cha mwenye nyumba ni kipi. Mgeni wa namna hiyo hatumwiti mwoga, tunampokea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jimu zetu nyingi zinampa jembe dakika ya kwanza, na shamba hajaonyeshwa.

Kwa hiyo wenye jimu nawaomba wazi: mtu anayeingia kwa mara ya kwanza awe na wa kumpokea, na kocha afunge mdomo kuhusu tumbo la mtu hadi aulizwe. Nanyi wazoefu, salamu tu inatosha.

Unayeogopa, usingoje hofu iishe ukiwa nyumbani. Nenda saa nane mchana siku ya kazi, watu wachache, uombe kuonyeshwa mashine moja tu. Ukiona bado, anza na klabu za jogging za mtaani, au dumu la maji sebuleni kwako. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Hakuna palipoandikwa lazima iwe jimu. Ila kama moyo wako unaitaka, aibu isikunyime.

Dada yule alihamia Morogoro mwaka jana. Jumanne ya kwanza bila yeye nilisimama tena kizingitini, moyo unadunda kama zamani. Halafu nikaingia, nikaweka begi mahali pake, nikachomeka pini kwenye kilo ishirini.