Sauti Ileile, Hukumu Mbili

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1960, mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi wa Montreal, Kanada, sauti zilizorekodiwa zikisoma kifungu kimoja, mara kwa Kiingereza, mara kwa Kifaransa. Wakawaomba wampime kila msomaji: ana akili? Anaaminika? Wanafunzi hawakujua kwamba baadhi ya wasomaji walisoma mara mbili, kwa lugha zote mbili. Mtu yuleyule alionekana mwerevu zaidi alipotumia Kiingereza. Kinachoniuma ni hiki: Wakanada wenye asili ya Kifaransa ndio waliozishusha sauti za Kifaransa zaidi, kuwapita hata wenzao wa Kiingereza.

Hapo naiona Tanzania. Kikaoni mtu anatoa hoja kwa Kiswahili, wenzake wanachezea simu. Hoja ileile ikirudiwa kwa Kiingereza, vichwa vinainuka. Msemaji akiteleza, akasema "he go", minong'ono inaanza, na mara nyingi anayewahi kucheka ni yule anayeogopa zamu yake ya kusema ikifika.

Wapo wanaosema hapa hakuna dharau wala unyonge, ni hesabu ya maisha. Mzazi anayejinyima ili alipe ada ya inglishi midiamu anajua kwamba sekondari masomo karibu yote yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Tume ya Makweta, tume ya rais iliyochunguza elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985, serikali ikakataa. Mlango ukibaki na ufunguo mmoja, mzazi afanyeje? Simlaumu hata kidogo.

Lakini hesabu hiyo inaeleza kwa nini tujifunze Kiingereza. Haielezi kwa nini mwombaji wa kazi ya kuhudumia wateja wanaozungumza Kiswahili mchana kutwa aonekane mzito wa akili kwa sababu alisitasita kwenye usaili wa Kiingereza. Wanaomsaili hawamchukii. Wengi wataapa kwamba wamepima uwezo tu, na watakuwa wanaamini wanachosema. Ndiyo maana ni vigumu kuwarekebisha.

Unyonge huohuo una sura ya pili, ambayo sisi wapenzi wa Kiswahili hatupendi kuitaja. Anayezungumza Kiingereza kwa ufasaha naye huambiwa anajidai Mzungu, na maneno yake yakapuuzwa. Nimewahi kusema hivyo juu ya mtu, na leo sikumbuki alikuwa anatueleza nini.